Kumtembelea mzee dhaifu nyumbani: afya na ustawi kwenye daftari moja

Zahanati ina kadi yake, ustawi wa jamii wana faili lao, na binti anayemwogesha mzee hana hata karatasi. Anza kwa kununua kaunta buku moja. Linakaa kwa mzee, na kila anayeingia anaandika humo.

1. Baada ya shikamoo, zungumza na mzee mwenyewe kabla ya wanawe. Kupima kumbukumbu, mpe maneno 3 ayashike: mchele, mlango, ua. Utamwuliza ukiaga.

2. Kiti. Kiwe kigumu, kimeegemezwa ukutani; sofa ya kuzama inaharibu kipimo. Akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara 5, nawe ukiwa ubavuni mwake. Akizidi sekunde 15, au asipoweza bila kujishika, andika rufaa ya tathmini ya viungo.

3. Presha ipimwe mara tatu: akiwa amelala dakika 5, kisha dakika ya 1 na ya 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, kizunguzungu chake cha asubuhi si "uzee" tu. Usimwachishe dawa, mpigie tabibu ukiwa hapo hapo.

4. Omba dawa zote zimwagwe mkekani, za dukani na mitishamba pia. Hapa ndipo mengi hufichuka. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, hupandisha presha na kuumiza figo, hasa akiwa anameza pia dawa za presha. Frusemaidi, dawa ya kukojoza, ikinywewa jioni humwamsha usiku kucha kwenda chooni, na huko ndiko nyonga huvunjikia. Mwulize tabibu kama inaweza kuhamia asubuhi.

5. Tembea naye hadi chooni. Ndala zilizolegea, kizingiti, giza: weka taa, mti wa kushikia, na ndoo yenye mfuniko chumbani.

6. Uliza nani anapika, nani analala naye, na mlezi hupumzika lini. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, mfuatilieni serikali ya mtaa kitambulisho cha matibabu bila malipo. Kazi hii ni ya afisa ustawi. Mhudumu wa afya akiibeba, hukwama wiki za mwanzo.

7. Kabla ya kuondoka, uliza yale maneno 3. Kisha chora safu tatu daftarini: kazi, nani, tarehe. "Familia itashughulikia" haiandikwi, andika jina. Akiwa ametoka kulazwa, rudi ndani ya wiki moja, ukaanze na zile dawa mpya.