Bustani ya viroba Njombe: hatua kwa hatua hadi usiku wa barafu

Kamwene. Majuzi nilikuwa nawasaidia akina mama wa kikundi cha mtaani kwetu, hapa Njombe mjini, kupanga viroba 40 vya kupandia mboga nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wao. Waliniuliza mboga za kwenye viroba zitaponaje na baridi yetu, na ndicho nilichokuwa najiuliza mwaka wangu wa kwanza nikakosa wa kunijibu, maana maelekezo mengi ya bustani za magunia yametoka kwa watu wa Dar es Salaam na Morogoro. Wenzetu wanahangaika na joto. Sisi tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni mpaka Agosti mboga zetu zinauawa na usiku.

Hatua ya 1: Mahali

Kabla hujajaza kiroba hata kimoja, angalia kivuli cha nyumba kinalala wapi. Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo kusini mwa nyumba kunaweza kukaa kivulini kutwa nzima. Udongo ambao haukupata jua mchana hauna joto la kuutoa usiku. Akina mama walishapanga viroba 12 kusini, tena kwa mstari ulionyooka kabisa. Tukavihamisha vyote. Kiroba kilichojaa udongo hakibebeki, tulikuwa tunakikokota juu ya turubai, na tulimaliza saa nane mchana mgongo hautamaniki.

Epuka pia chini ya mteremko. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama bondeni. Ndiyo maana mboga za vinyungu, yaani bustani za bondeni, huungua wakati za mlimani ziko salama. Kama una uzio upande wa chini wa kiwanja, acha uwazi baridi ipite iende zake.

Hatua ya 2: Udongo

Ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi ya ng'ombe iliyooza, moja ya mchanga. Samadi huku inachelewa kuoza kwa sababu ya baridi. Ukiichimbua bado ina harufu kali, iache.

Maranda ya mbao hapa ni ya bure, kila kona kuna mashine ya kupasua misindano, na kila mtu atakushauri uyachanganye. Usiyachanganye yakiwa mabichi. Yakianza kuoza ndani ya kiroba yanakula naitrojeni ya mmea, na mboga inageuka njano kama ina homa. Yatandaze juu ya udongo kuzuia maji yasikauke, basi.

Hatua ya 3: Kujaza

Kopo la rangi la lita 4, lililokatwa kitako na mdomo, liweke katikati ya kiroba. Jaza kokoto ndani, udongo pembeni, livute juu, rudia mpaka ufike mdomoni. Kuna wanaoweka bomba lenye matundu badala ya kokoto za kupitisha maji. Linaziba, na mimi sitaki hata kulisikia.

Hatua ya 4: Mboga

Sukuma wiki, chainizi, figiri, spinachi. Mchicha na nyanya subiri mvua zirudi. Najua kuna mtu atasema nyanya zake zilitoka Julai. Alikuwa na banda.

Hatua ya 5: Usiku wa barafu

Vitabuni inaitwa sakitu. Sisi tunasema barafu imeanguka, ingawa haianguki kutoka popote, ni unyevu wa hewa ulioganda juu ya jani.

Mwaka wa kwanza nilinunua nailoni mita kumi, nikailaza juu ya mboga saa tatu usiku, nikaenda kulala roho kwatu. Asubuhi nailoni ilikuwa ngumu, ukiigusa inalia kama bati. Kila jani lililogusana nayo lilikuwa la kijani kizito, linang'aa kama limechemshwa, na kufika saa sita lilishakuwa jeusi. Babu mmoja jirani alipita akachungulia. "Mwanangu," akasema, "umeifungia baridi humo ndani pamoja na mboga."

Alikuwa sahihi mara mbili. Kwanza nilichelewa. Unafunika ili kuzuia joto la ardhini lisitoroke, kwa hiyo funika saa kumi na moja jioni, udongo ukiwa bado una joto la jua. Pili, nailoni iliyogusa jani inalipitishia jani baridi ya nje.

Siku hizi nachomeka fito tatu za mianzi kuzunguka kiroba, nazifunga juu, kisha natandika shuka kuukuu au gunia la katani bila kugusa majani. Likishuka mpaka chini ndipo linafanya kazi. Ukilivisha juu tu kama kofia, joto lote linatokea pembeni. Kama shuka ni chache, anza na mimea ya juu ya kiroba, hiyo ndiyo inayotazama mbingu. Ile iliyopandwa kwenye matundu ya ubavuni mwa kiroba mara nyingi inapona yenyewe.

Si kila usiku unafunika. Kukiwa na mawingu au upepo, lala. Funika siku ambayo mchana umekuwa mweupe bila wingu na upepo umekata jioni.

Mwagilia saa nne au saa tano asubuhi, siyo jioni. Udongo wenye unyevu unatunza joto kuliko mkavu, lakini majani yasiingie usiku yakiwa yameloa. Asubuhi fungua barafu ikishayeyuka, kwenye saa tatu hivi. Ukisahau mpaka mchana, mboga inapikika humo na ukungu unafuata.

Ukikuta imeshaungua, weka kisu chini. Subiri wiki moja. Kama kichomozo cha katikati bado ni kijani, sukuma wiki itarudi; ndipo ukate majani meusi.

Kwa kikundi, shida kubwa ni nani anafunika. Mwanzoni akina mama walipanga zamu kwa mpangilio wa majina, na siku ya tatu zamu ikamwangukia dada anayeuza sokoni mpaka giza. Viroba vinane vikalala wazi. Sasa wanafunika wale wanaokaa jirani na bustani tu, na wa mbali wanachota maji asubuhi.

Hatua ya 6: Kuvuna

Chuma majani ya chini, acha matano au sita juu. Sukuma wiki iliyopigwa na baridi bila kuungua ina kautamu ambako ya Machi haina, kwa hiyo fungu la kwanza usiliuze, pika nyumbani.