Kuondoa harufu ya sigara katika gari lililotumika

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani hukaa baharini wiki kadhaa vioo vikiwa vimefungwa, na iwapo mmiliki wa awali alikuwa mvutaji, harufu hukupokea mara tu ufunguapo mlango. Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo hayasaidii, kwa sababu kinachonuka ni utando wa lami na nikotini ulioganda juu ya kila kitu ndani ya gari.

Kwanza mwaga majivu, toa mazulia na ufyonze vumbi kwa mashine, hasa chini ya viti. Kisha futa dashibodi, usukani, milango na upande wa ndani wa vioo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukikisuuza mara kwa mara hadi kisitoe tena rangi ya manjano. Viti vya kitambaa vinyunyizie bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, uiache usiku kucha, ndipo uifyonze.

Dari husahauliwa, ilhali moshi hupanda juu. Ifute taratibu kwa kitambaa chenye unyevunyevu tu. Ukiilowesha, gundi huachia na kitambaa chake hulegea, na kukibandika upya ni kazi ya fundi, si ya sabuni.

Badilisha pia chujio la hewa ya kiyoyozi, ambalo katika magari mengi ya Kijapani hukaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, kwani lisipobadilishwa harufu itarudi kila uwashapo feni.