Intaneti, wavuti na barua pepe: mwongozo kwa anayeanza, na kwa anayefunguliwa na wengine

Ukikaa nusu saa katika duka la fotokopi mjini Chake Chake, hasa siku zinapotangazwa nafasi za kazi, utamsikia mmoja akisema "nifungulie intaneti yangu", naye amekusudia barua pepe. Mwengine ataulizia "imeili ya kuombea mkopo", naye amekusudia tovuti. Wa tatu atalalamika kuwa mtandao umekatika, kumbe kilichokwisha ni bando lake. Wenye maduka wameshazoea na humwelewa kila mtu. Shida huanza pale mtu anapokuwa peke yake na simu yake, kwa sababu asiyejua ni kipi kati ya intaneti, wavuti na barua pepe kilichomwendea kombo hajui pia aanzie wapi kukitengeneza.

Tuanze na intaneti, ambayo ni njia tu. Ni kompyuta, simu, minara na mikongo ya dunia nzima iliyounganishwa na kukubaliana kutumia kanuni moja ya kupelekeana taarifa. Mtandao wa mwanzo wa aina hii, ARPANET, ulianza nchini Marekani mwaka 1969, na kanuni inayotumika hadi leo, TCP/IP, ilianza rasmi ndani yake tarehe 1 Januari 1983. Kwa upande wetu, mikongo mikubwa ya baharini ya SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010, inatua Dar es Salaam.

Namna taarifa inavyosafiri ndani ya njia hiyo inastahili kueleweka vizuri. Mchukulie mkulima wa Mtambwe mwenye karafuu kavu nyingi kuliko gari moja inavyoweza kubeba. Atazigawa katika magunia, kila gunia ataliandika jina lake, mahali linapokwenda na namba yake, kisha atayapakia katika gari mbalimbali. Hata gunia la tano likifika kabla ya la pili, mpokeaji atayapanga kwa namba, na likikosekana moja ataulizia hilo hilo lililokosekana. Picha unayomtumia ndugu yako aliyeko Muscat hukatwa vipande vidogo kwa namna hiyo hiyo, kila kipande kikibeba anwani ya namba ya kifaa kilichotuma na ya kile kinachopokea. Ndiyo maana simu yenye mawasiliano dhaifu hupokea picha polepole, na mara nyingi huipokea nzima: vipande vilivyopotea vinaombwa tena mpaka vitimie.

Wavuti ni moja kati ya vitu vinavyopita katika njia hiyo. Ni kurasa zilizounganishwa kwa viungo, zikihifadhiwa katika kompyuta ziitwazo seva na kusomwa kwa programu iitwayo kivinjari. Aliyeibuni ni Tim Berners-Lee, mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kikaruhusu kila mtu aitumie bila ya malipo. Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa za mwenyewe mmoja ndani ya wavuti, kama duka lilivyo ndani ya soko. Barua pepe, ambayo wengi hudhani ni tawi la wavuti, imeitangulia kwa miaka ipatayo ishirini, kwani Ray Tomlinson alituma ujumbe wa kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyengine kupitia mtandao mwaka 1971, na ni yeye aliyeichagua alama ya @ ili kutenganisha jina la mtu na jina la mashine anayotumia.

Kwa hiyo, jambo linapokwama, jaribu kwa mpangilio. Fungua kwanza tovuti nyengine kabisa, isiyohusiana na ile iliyogoma. Ikifunguka, intaneti yako ni nzima na tatizo liko kwenye tovuti ya mwanzo. Subiri, kwa sababu kuzima na kuwasha simu hakutakusaidia. Ikiwa hakuna tovuti yoyote inayofunguka lakini ujumbe wa WhatsApp unaingia, angalia aina ya bando ulilonunua, kwani yapo mabando ya mitandao ya kijamii pekee, nayo hayafungui kurasa nyengine. Vyote vikigoma, huenda salio limekwisha au uko mahali ambapo mnara haufiki vizuri.

Jifunze pia kuisoma anwani ya tovuti, maana huo ndio mlango wanaopitia matapeli. Anwani husomwa kutoka kulia. Chukua suza.ac.tz, ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar: tz ni Tanzania, ac ni taasisi ya elimu ya juu, na suza ni chuo chenyewe. Taasisi za Serikali hutumia go.tz. Tapeli anaweza kuandika maneno go.tz mahali popote anapopenda, kwa mfano ajira-go-tz.com, au akayaweka baada ya mkwaju, yaani alama hii: /. Wewe tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata baada ya jina la tovuti, kisha soma kilicho kushoto kwake: hapo ndipo jina la kweli linapomalizikia, na kama pameishia .com, hiyo si tovuti ya Serikali yetu hata ikiwa imepambwa kwa nembo zote. Alama ya kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha karibu na anwani ina maana kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo hayasomwi njiani, lakini haikuambii kama mwenye tovuti ni mwaminifu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Binti mmoja wa Konde, jirani yetu, aliomba kazi kupitia duka moja ambalo sitalitaja. Kijana wa dukani alimfungulia anwani ya barua pepe, akaweka namba yake mwenyewe ya simu ili mambo yaende haraka, akachagua nenosiri, akatuma maombi, na binti akalipa akaenda zake. Miezi mitatu baadaye kijana yule alikuwa amehamia Unguja, nenosiri halijulikani, na kila tulipojaribu kulibadilisha namba za uthibitisho zilikwenda kwenye simu yake. Tulipompata hatimaye, wito wa usaili ulikuwemo kisandukuni, na siku yake imepita wiki mbili. Sidhani kama kijana alikusudia ubaya. Lakini anwani iliyosajiliwa kwa simu ya mtu ni ya mtu huyo, na wewe ni mgeni ndani yake.

Kwa sababu hiyo, hata ukisaidiwa kuifungua, kaa mbele ya kompyuta na uandike mwenyewe mambo matatu. Jina la anwani liwe jina lako la kawaida, pamoja na namba chache likiwa limeshachukuliwa, kwa kuwa jina la utani la ujanani halipendezi mbele ya mwajiri. Namba ya simu iwe ya laini yako unayoitumia kila siku, na ukibadilisha laini, ibadilishe na huko pia, kwani laini iliyoachwa muda mrefu hufungwa na inaweza kuuzwa kwa mtu mwengine. Nenosiri liwe maneno manne au matano yasiyohusiana, kama jahazi, kibatari, ukindu na alfajiri (usitumie haya niliyoyaandika hapa), ambayo ni rahisi kuyakumbuka na magumu kukisiwa. Namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako usimtajie mtu yeyote, hata anayedai kupiga kutoka kampuni ya simu.

Kuiandika barua yenyewe si kazi ngumu. Sehemu ya mpokeaji weka anwani moja, uihakiki herufi kwa herufi, maana herufi moja iliyosahaulika huweza kuirudisha barua au kuipeleka kwa mtu mwengine. Sehemu yenye herufi Cc ni ya wanaopelekewa nakala kwa uwazi; yenye Bcc ni ya nakala ambazo wapokeaji wengine hawazioni. Kisha andika mada inayojieleza, kwa mfano "Maombi ya nafasi ya mapokezi", na chini yake maneno machache:

"Ndugu Mkurugenzi, naomba nafasi ya mapokezi iliyotangazwa tarehe 3 ya mwezi huu. Nimeambatisha barua ya maombi, maelezo yangu binafsi na cheti cha kidato cha nne, vyote katika faili moja la PDF. Napatikana kwa namba iliyo chini ya jina langu. Ahsante."

Ile ibara ya "naomba uhusike na kichwa cha habari hapo juu", tuliyofundishwa skuli, haina kazi hapa kwa sababu mada imeshasema. Vyeti usivipige picha moja moja ukavituma vikiwa na majina ya namba ulizopewa na simu. Viunganishe katika faili moja na ulipe jina lako. Gmail hairuhusu viambatisho vinavyozidi MB 25 kwa barua moja, na taasisi nyengine hupokea pungufu ya hapo.

Ukishatuma, na kabla hujainuka kitini, fungua folda ya barua zilizotumwa, bonyeza kile kiambatisho na uhakikishe kwamba kinafunguka na kinasomeka. Kivinjari cha dukani kikikuuliza kama kihifadhi nenosiri lako, kikatalie. Kisha toka kwenye akaunti kabisa, kwani kufunga dirisha pekee hakutoshi: anayekuja baada yako akilifungua tena atakuta barua zako zote wazi. Katika wiki zinazofuata, kila unapoangalia kisanduku chako, angalia na folda ya barua taka, kwani barua ya mtu asiyewahi kukuandikia, ukiwemo wito wa usaili, huweza kutupwa humo.