Kiraka cha mawe kisichoonekana: namna ninavyounganisha ukuta mpya na mkuukuu

Hapa Nakuru, lori likirudi nyuma vibaya na kubomoa ukuta wa zamani, kuujenga tena ni kazi ya siku mbili. Kufanya pasijulikane palibomolewa ndiyo kazi yenyewe. Wengi hukimbilia rangi. Mimi rangi naiacha mwisho, maana kinachokutangaza kwanza ni viungo, yaani ile mistari iliyojazwa kati ya jiwe na jiwe.

1. Okota mawe ya zamani kwenye kifusi kabla hayajapakiwa. Hata kumi tu yatakusaidia: yachanganye katikati ya mapya, usiyarundike pamoja.

2. Pima kozi, yaani safu za mawe. Mawe ya mashine huja inchi 9 sawasawa, lakini ya kuchongwa kwa mkono hupanda na kushuka. Chukua kijiti, tia alama za kozi za zamani, ndipo uyapunguze mapya. Uso wake pia uupige patasi. Alama za msumeno hazifichiki, hasa jua la jioni likipita ubavuni mwa ukuta.

3. Pembeni mwa pengo, toa mawe nusunusu ili kozi mpya zing'atane na za zamani. Ukiunga kwa mstari ulionyooka, ufa utafuata mstari huohuo.

4. Udongo wa kujengea, yaani ule mchanganyiko unaoshikanisha mawe. Hapa usiwe na haraka. Vunja kipande cha udongo wa zamani, kisage, kisuuze kwenye glasi, uone mchanga uliobaki chini: rangi yake, na ni mnene au laini. Tafuta unaofanana. Jiwe letu ni majivu ya volkeno yaliyoshikana. Ni laini na hunywa maji. Ukitia saruji nyingi kwenye udongo, maji hushindwa kutokea kwenye kiungo, yakatokea kwenye jiwe, na jiwe likaanza kumenyeka huku kiungo kimesimama kama ubavu wa ng'ombe mwenye njaa. Mimi huchanganya karai 1 la saruji, 2 za chokaa, 9 za mchanga. Fundi mwenzako atakucheka. Mwache.

Lowesha mawe kwanza. Kiungo kikikaza kiasi cha kidole gumba kuacha alama hafifu tu, kipigepige kwa brashi ngumu hadi chembe za mchanga zionekane. Ukikilainisha kwa mwiko kitang'aa kipya miaka. Kisha funika kwa magunia yenye maji kwa wiki moja. Upepo wa Januari hapa hukausha chokaa kabla haijashika.

5. Sasa rangi, na uihukumu ukuta ukiwa mkavu kabisa. Chemsha masizi ya jikoni kwenye maji, chuja, paka mkono mwepesi, ngoja kesho, ongeza. Ukitaka kuvu na ukungu wa kijani, koroga samadi ya ng'ombe na mala (maziwa ya mgando) iwe kama uji mwepesi, upake mvua za Machi zikikaribia. Mwambie mwenye nyumba mapema kuhusu harufu. Kisumu, kwenye unyevu wa ziwa, ukuta huota kijani upesi kuliko huku kwetu.

Oili chafu ya gari usiguse. Niliwahi kuipaka kwenye nguzo ya geti: ilibaki nyeusi kama imelowa, vumbi likaganda, na kijani hakikuota kamwe.

6. Vuka barabara, utazame. Kiraka kikionekana bado, rudi kwenye viungo kabla ya kuongeza masizi.