Gari la Fowili Likinuka: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaingia Porini

Kabla hujaweka dizeli ya safari, kabla hata hujafunga turubai, zunguka gari lako asubuhi likiwa bado baridi, uiname kwenye kila gurudumu, unuse. Watu wananicheka wakinikuta hivyo. Lakini harufu ngeni utaijuaje kama ya kawaida huijui? Pikapu yangu ya fowili, yaani inayovuta kwa magurudumu yote manne, ni Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ, na ina harufu yake: dizeli kidogo, vumbi, grisi kuukuu. Kikiongezeka kitu hapo, nakisikia.

Usiku wa kuamkia safari, kunjua maboksi uyatandike chini ya difu ya mbele, difu ya nyuma (gia zilizo katikati ya kila ekseli) na transfa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma). Asubuhi utaona tone limeangukia wapi. Chovya kidole, nusa. Oili ya difu, ile nzito tunayoiita namba 90, hunuka kiberiti hata ikiwa mpya kabisa, kwa sababu hutiwa salfa na fosforasi ili meno ya gia yasilane. Wengi huchanganyikiwa hapo. Fundi akimwaga kidogo juu ya hausingi (ganda la difu) wakati wa kujaza, gari litanuka yai viza siku mbili tatu, na mwenyewe atahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Futa, osha kwa sabuni, endesha, nusa tena. Betri inayochajiwa kupita kiasi nayo hutoa yai viza hilohilo, kwa hiyo fungua boneti kwanza kabla hujalala mavumbini. Na ukisikia harufu tamutamu kama sharubati, hiyo ni maji ya rejeta yenye kulenti (dawa ya kupozea injini). Hayo ni mambo ya injini, hayahusiani na fowili.

Kisha lifanyie gari jaribio la kilomita 30 hivi, likiwa na mzigo ule utakaosafiri nao. Gari tupu halisemi ukweli. Ukikaribia kusimama, liache lipunguze lenyewe bila kukanyaga breki kwa nguvu, ushuke, usogee mbali kidogo upumue hewa safi, halafu urudi. Pua huzoea upesi. Ukikaa ndani ya kebini na harufu dakika chache tu, huisikii tena. Pitisha mgongo wa kiganja karibu na kila habu (kitovu cha gurudumu) na kila difu, bila kugusa kwanza, na ulinganishe kushoto na kulia. Joto la kawaida lipo, hasa baada ya mlima. La kukutisha ni upande mmoja kuwa moto kuliko mwenzake. Ukiona hivyo, dondosha tone la maji: likichemka palepale, pamezidi nyuzi 100, na hapo una beringi inayokufa au breki inayoshika.

Mimi niliwahi kudanganywa na harufu ya breki. Gurudumu la nyuma kushoto lilianza kunuka kuungua, fundi akabadilisha breki shuu. Baada ya wiki mbili, yaleyale. Akabadilisha tena, na sili ya ekseli (mpira unaozuia oili isitoke) juu yake, nikalipa. Ilipojirudia mara ya tatu nililala chini ya gari mwenyewe na tochi. Juu ya hausingi ya difu kuna kikofia kidogo cha kupumulia, kikubwa kama kizibo cha chupa ya dawa. Nyigu alikuwa amekijengea nyumba ya udongo, mkavu kama saruji. Difu ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka; ikikosa pa kutokea, husukuma oili kwenye sili. Oili ilikuwa inapenya mpaka kwenye habu, kutoka hapo ikaingia kwenye dramu, na breki zikawa zinaikaanga. Sili mpya isingenisaidia hata ningefunga kumi.

Kwa hiyo kifungue kikofia hicho, pulizia, hakikisha kinapumua. Kama njia yako ina mito, kitoe kabisa, uunge mpira wa dizeli uupandishe hadi nyuma ya kebini. Difu yenye moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu. Utakuja kufungua nati ukute oili imekuwa chai ya maziwa.

Tukiwa kwenye nati: fungua ya kujazia kwanza, kabla ya kumwaga. Ikigoma kufunguka, angalau bado una oili ndani. Ingiza kidole, oili iwe usawa wa tundu. Inuse. Iliyoungua ni nyeusi na ina ukali unaokwama kooni. Uji mwembamba wa chuma kwenye sumaku ni wa kawaida, lakini chembe unazoweza kuzihesabu maana yake hakuna safari. Kwa upande wa mbele, angalia pia yale matufe ya kukatia kona nyuma ya magurudumu: yakivuja uji mweusi mwepesi wenye harufu ya oili ya difu, sili ya ndani imeachia na oili inaosha grisi ya joiti (kiungo cha ekseli kilicho ndani ya tufe). Safari fupi utaenda. Ya wiki nzima, mimi siendi.

Zipo harufu nyingine ambazo chanzo chake ni dereva. Fowili ya magari haya haina difu ya katikati. Ukiacha mkono wa gia ya transfa kwenye H4 (magurudumu manne yanavuta, kasi ya kawaida) juu ya lami, magurudumu ya mbele na ya nyuma hutembea umbali tofauti kwenye kona, na ile tofauti haina pa kwenda. Mpira wa tairi hunuka, transfa hupata moto, na mkono huo hugoma kurudi H2 (magurudumu mawili). Rudi nyuma taratibu mita chache, gari likiwa limenyooka, na mara nyingi litaachia. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma huleta shida ileile hata kama namba ubavuni ni moja, kwa hiyo zizungushie kamba upime kabla.

Klachi nayo ina harufu kavu ya nywele zilizoungua, haina mafuta ndani yake. Kwenye ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, ukipanda kutoka Ngare Sero kwenda Sale na Wasso, utaisikia kwa magari yaliyojaa mzigo ambayo madereva wake wanaona aibu kuingiza L4 (magurudumu manne, gia nzito ya polepole). Wanashikilia gari kilimani kwa klachi kama vile iliundwa kwa kazi hiyo. Ikinuka mara moja ikapotea baada ya kupumzika, umeonywa. Ikinuka kwenye tambarare, pleti imekwisha.

Msimu wa kiangazi kuna moja isiyosubiri uchunguzi: harufu ya shamba linalochomwa, na dirishani huoni shamba linaloungua. Nyasi kavu hujisokota kwenye propela (mhimili unaozungusha difu) na kujaa juu ya ekzosi. Simama mahali pasipo na nyasi, zima gari, shuka na mtungi wa kuzimia moto mkononi. Mtungi huo uwe ndani ya kebini, usiwe chini ya mizigo.

Nikishamaliza haya yote hubeba lita nne za namba 90, sili za pande zote, grisi, matambara, chupa ya maji yenye mpira kwenye kizibo chake wa kujazia difu, na spana ya 24 inayoshika nati zangu. Spana naiweka kwanza. Niliwahi kufika Engaruka na oili tele, nikaazima spana kwa siku nzima.