Jinsi ya kujua nani anakilipa chombo cha udhibiti wa fedha

Binti mmoja anayejifunza kuandika habari za uchumi, ofisi yao iko Mwenge, Dar es Salaam, aliniuliza: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) inapewa shilingi ngapi na Bunge? Swali fupi, lakini lilitula mchana mzima. Njia tuliyopita ni hii.

Hatua ya 1: Pakua vitabu vya bajeti
Vipo kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha, vinne: mapato, matumizi ya kawaida ya wizara, matumizi ya kawaida ya mikoa, na maendeleo. Tumia kompyuta. Picha za kurasa zinazozunguka WhatsApp mimi sizigusi, maana huwa hazina kichwa cha jedwali.

Hatua ya 2: Usichanganye sheria mbili
Sheria ya Fedha inagusa kodi, ada na tozo, ndiyo maana Kariakoo nzima huisubiri mwezi Juni. Sheria ya Kuidhinisha Matumizi ndiyo inayoruhusu fedha zitoke Mfuko Mkuu wa Hazina kwa mwaka unaoanza Julai 1. Unayoihitaji ni hii ya pili.

Hatua ya 3: Tafuta fungu
Hapa ndipo tulipokwama. Bunge hupitisha fedha kwa mafungu, yaani kila wizara au ofisi kuu ina namba yake kwenye vitabu. Fungu 50 ni Wizara ya Fedha, Fungu 22 ni Deni la Taifa, Fungu 45 ni Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Ndani ya fungu kuna vifungu, na ndani ya kifungu kuna kasma, yaani mstari wa matumizi ya aina moja. Vyombo vingi vya udhibiti havina fungu lake, kwa hiyo ukifungua orodha ya mafungu ukitafuta jina la chombo, utakesha. Kama kinapata fedha za Serikali, nenda kwenye fungu la wizara mama, kisha shuka hadi kasma za ruzuku.

Tena vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza. Ukiandika "Mamlaka ya Usimamizi wa Bima" kwenye kisanduku cha kutafutia, hakiji kitu. Jaribu kifupisho. Kikikosekana nacho, usikimbilie kusema chombo hakipo: faili likiwa limeskaniwa, kompyuta inaona picha tu, haisomi maneno. Hapo sogeza ukurasa mmoja mmoja kwa macho. Mimi huchapisha kurasa za wizara husika pale steshenari na kupitia na kalamu nyekundu. Vijana hunicheka, lakini macho yangu hayaruki mstari.

Ukishaupata mstari, angalia safu. Kuna matumizi halisi ya mwaka uliopita, makadirio yaliyoidhinishwa ya mwaka unaoendelea, na makadirio ya mwaka ujao. Wengi hunukuu safu ya kati wakidhani ndiyo ya mwaka mpya.

Na ukikosa kabisa? Huenda hilo ndilo jibu. Benki Kuu haiishi kwa kuombewa fedha kwenye fungu. Ina mapato yake na hutoa gawio kwa Serikali. TIRA nayo hukusanya ada na tozo kutoka soko la bima. Kwa vyombo vya namna hii, hesabu zao zilizokaguliwa zina faida kuliko vitabu vyote vinne.

Hatua ya 4: Soma Taarifa Rasmi za Bunge (Hansard)
Hizi ni kumbukumbu za yaliyosemwa bungeni. Nenda siku ya hotuba ya wizara, hasa Kamati ya Matumizi, pale Bunge zima linapopitia makadirio kifungu kwa kifungu. Mbunge akishika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani akizuia kwa mfano tu ili apewe maelezo, soma jibu lote. Mambo ambayo hayamo kwenye jedwali husemwa hapo.

Hatua ya 5: Linganisha na fedha zilizotoka
Kuidhinishwa si kupokelewa. Fungua ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka husika, ambayo huwasilishwa kwa Rais kabla ya mwisho wa Machi. Binti aliandika takwimu mbili, iliyoidhinishwa na iliyotoka, kila moja na mwaka wake. Mhariri akamwambia achague moja. Nilimshauri akatae.