Pima muda wa stori bodi kabla ya kufungua After Effects

Kama unajifunza mosheni grafiki (michoro na maandishi yanayotembea kwenye video), piga picha kwa simu michoro yako ya stori bodi, yaani ile inayoonyesha video hatua kwa hatua (hata watu wa vijiti wanatosha), rekodi sauti yako ukisoma maelezo, kisha panga picha juu ya sauti hiyo kwenye CapCut, programu ya kuhariri video. Picha yenye maneno kumi ikikaa sekunde moja, utaona palepale kuwa haisomeki, na kuirekebisha ni kuvuta ukingo wake tu. Ukishaanza kuhuisha (kuipa michoro mwendo) kwenye After Effects, programu ya kazi hiyo, sekunde hiyo ni fremu, yaani picha moja moja za video, 24 au 25 za kupanga upya. Unaporekodi sauti, soma taratibu, maana ukiwa peke yako chumbani utakimbiza maneno. Kwa nembo ya sekunde tatu njia hii haifai sana: pale kazi yote iko kwenye namna umbo linavyoanza na kutulia, na picha mnato hazionyeshi hilo.